Kivuli cha Shangazi

Katika ukoo wetu kila mtu ana kipaji chake. Mmoja hajashindwa hata mara moja kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba. Mwingine akionja pombe ya rubisi anakuambia ndizi zake zilivundikwa siku ngapi. Mimi kipaji changu ni kukaa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo marehemu mama aliyaita "ya kutosha kusoma karatasi ya dawa," nikapelekwa mjini kusaidia duka la ndugu yetu, na baada ya miezi mitatu nikarudi na begi lilelile, nguo nyingine hata hazijakunjuliwa. Tangu hapo sijaondoka. Nikienda gulioni Nkwenda, majirani hutokeza kwenye migomba kunitazama kama wanavyotazama gari la harusi.

Nyumba yetu iko upande wa Isingiro, katikati ya migomba na mibuni, na zamani ilikuwa na watu tisa. Wakati huo nilikuwa natafuta pembe ya kukaa peke yangu. Mungu ni msikivu, ila hasikilizi mpaka mwisho wa sentensi: baba akafariki, mama akamfuata, ndugu zangu wakaoa na kuolewa, nikapewa nyumba nzima iwe pembe yangu. Nikabaki mimi na kuku. Kuna asubuhi nilijikuta namwambia jogoo shikamoo. Hakuitikia, lakini alinitazama kama mtu aliyeona kuwa ni haki yake.

Basi kaka yangu mdogo, ambaye ni dereva wa lori na haonekani miezi kwa miezi, alipopata mtoto wa kwanza, mkewe aliletwa kwangu kulelewa uzazi. Wifi yangu huyo ana meza ya nguo Nkwenda, mdomo mwepesi na mkono mwepesi zaidi. Alishuka kwenye gari amemfunga mtoto kwa kanga mbili, akanikabidhi. Nilipofunua nikaona uso mweupe kama maziwa na nywele kama ndevu za mahindi mabichi. Mtoto alikuwa na ualbino.

Wanawake wa jirani walikuja kumwona, kama ilivyo desturi, na kila mmoja alinyamaza kidogo kabla ya kusema hongera. Huo unyamavu niliuona, na wifi aliuona. Mwishowe bibi mmoja, jirani yetu wa mpakani, akamgusa mtoto shavu akasema, "Waitu, jamani, huyu atahitaji mtu wa kukaa naye kivulini."

Wifi akanitazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike. "Mtu huyo tunaye. Amefanya mazoezi miaka ishirini."

Ndivyo nilivyopata kazi. Na kazi yenyewe niliianza kwa kuiharibu.

Asiyeijua Karagwe na Kyerwa lazima nimweleze kitu. Kwetu ni juu, na wakati wa kiangazi asubuhi kuna baridi ya kukunja vidole. Ukungu hulala mabondeni mpaka watoto wafike shuleni. Kwa hiyo jua likichomoza watu hutoka nje na kukaa kwenye ukuta wa mashariki kuota jua. Wazee hukaa hapo, mbwa hukaa hapo, na mtoto mchanga ndiye hupewa nafasi nzuri kuliko wote. Huvuliwa nguo, hupakwa mafuta, hulazwa mapajani ili mifupa ikomae. Mimi nimekuzwa hivyo, mama yangu alikuzwa hivyo. Hakuna mtu kwetu aliyewahi kuniambia kwamba jua la asubuhi linaweza kumdhuru mtoto. Ingekuwa kama kuambiwa nijihadhari na uji.

Mtoto alikuwa na miezi miwili. Wifi alikuwa amelala, usiku mtoto alimsumbua. Nikamchukua, nikampaka mafuta ya mgando mwili mzima akang'aa kama kikombe, nikakaa naye ukutani saa mbili asubuhi. Akalala. Ningepaswa kumrudisha ndani baada ya dakika chache. Sikumrudisha. Ukungu ulikuwa bado unapita juu ya migomba, jua lilikuwa la vuguvugu tu, nami sikusikia joto hata kidogo. Hizo ndizo sababu nilizozitoa baadaye. Sababu yenyewe ni kwamba ilikuwa imepita miaka mingi bila mtu kulala mapajani mwangu, na niliogopa nikisimama ataamka. Nikakaa naye mpaka karibu saa nne.

Jioni mashavu yake yalikuwa mekundu kama nyanya. Usiku akalia kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, na kulipopambazuka masikio yake yalikuwa na malengelenge. Tukaenda zahanati, wifi mbele na mtoto, mimi nyuma na mwavuli ambao ningepaswa kuukumbuka jana yake.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mtu wa Bukoba kwa lafudhi yake. Akamwangalia mtoto, akatuangalia sisi.

"Nani amemweka juani?"

"Mimi," nikasema.

"Kwa muda gani?"

"Mpaka nilipoona ametosha."

"Ametosha nini, dada? Kwani ni kahawa?"

Wifi akacheka huku machozi yanamtoka. Mimi nilitazama sakafu. Muuguzi alimsafisha mtoto taratibu, kisha akaniketisha kama mwanafunzi aliyerudia darasa. Akaniambia baridi siyo kipimo, na ukungu hauzuii jua, kwa hiyo siku ya mawingu nayo niihesabu kuwa ya jua. Ngozi ya mtoto huyu haina ile rangi inayotukinga sisi wengine. Avae nguo nyepesi za mikono mirefu, na kofia yenye ukingo mpana pande zote. Kutoka saa nne mpaka saa kumi jioni akae kivulini.

"Na usije ukamfunika blanketi zito ukadhani umemkinga," akaongeza. "Utamchemsha. Mtoto mchanga hajui kusema nasikia joto."

"Na mafuta ya kukinga jua?"

"Akikua kidogo tutampa. Lakini hayo mafuta siyo ruhusa ya kumrudisha ukutani. Nakuona unavyowaza."

Wifi hakunigombeza. Njia nzima hakunigombeza, na wiki nzima. Afadhali angenitukana, maana tusi lina mwisho. Masikio ya mtoto yalipona, yakabaki na ngozi laini iliyochubuka kwa juu, na kila nilipomwogesha niliipitishia kidole nikijisemea maneno ambayo siwezi kuyaandika mbele ya watu wanaosali.

Mtoto alipofika mwaka mmoja na miezi kadhaa, wifi alirudi kwenye meza yake Nkwenda na mtoto. Wakakaa wiki tatu. Pale gulioni kivuli ni turubai, na turubai linazuia jua la juu tu. Lile la ubavuni huingia kama mteja asiyetaka kununua. Jumapili moja nikasikia pikipiki uani. Wifi alishuka na mtoto, begi na sufuria ndogo.

"Nimekuletea," akasema.

"Unaniachia mimi? Mimi niliyemchoma?"

"Ndiyo maana. Mtu mwingine yeyote anaweza kukosea. Wewe huwezi tena."

Kuna imani nyingine ni nzito kuliko lawama. Nikampokea mtoto.

Kuanzia hapo nyumba yetu iliendeshwa kwa saa. Kufua, kuchuma ndizi, kuteka maji, vyote vilifanyika alfajiri au jioni. Nilishona mapazia kwa vitenge vya marehemu mama, mazito ya kutosha kuficha harusi. Saa nne kamili nilifunga mlango kama benki. Ndani tulikuwa na ulimwengu wetu. Tuliimba nyimbo za kanisani kwa maneno tuliyoyabuni pale tuliposahau. Nilimchorea herufi kubwa sakafuni kwa mkaa, maana macho yake hayakuona mbali na yalichezacheza kwenye mwanga, akaziinamia karibu kabisa mpaka pua ikawa nyeusi. Akiwa na miaka mitatu alijua kusoma neno "ndizi." Akiwa na miaka minne alijua kunisema.

"Shangazi, umekula ndizi tano."

"Nne."

"Tano. Moja ulikula ukiwa umesimama."

Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na naiandika hapa kwa aibu kidogo, kwa sababu tayari nilikuwa nimeanza kuiba.

Niliiba polepole. Muuguzi alinipa saa nne mpaka saa kumi. Mwaka wa pili saa nne yangu ikawa saa tatu, kwa usalama. Baadaye ikawa saa mbili. Saa kumi ikasogea mpaka saa kumi na moja, halafu ikawa magharibi, na magharibi kuna mbu. Siku za mvua nilisema jua linapenya mawingu, na hilo nilifundishwa zahanati. Ile elimu niliitumia vizuri kuliko aliyenipa alivyokusudia. Kulikuwa na hofu nyingine pia, ile ya wanaowawinda watu wenye ualbino, ambayo kila mtu wa Kanda ya Ziwa anaijua na mzazi wa mtoto kama wetu hulala nayo. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, na sitaifanyia mzaha. Lakini mara nyingi nilipoitaja ilikuwa mchana kweupe, majirani wote wakiwa uani kwao, na sababu yangu hasa ilikuwa kwamba sikutaka mtoto atoke.

Jirani yetu bibi wa mpakani alikuwa wa kwanza kusema. Alipita kuomba moto, akakuta mapazia yamefungwa saa kumi na moja jioni.

"Mwenzetu umepata kisingizio," akasema.

"Kisingizio gani, bibi?"

"Zamani ulikuwa unakaa ndani bila sababu. Sasa unayo, tena inatembea."

Nilicheka sana, kama mtu anavyocheka akishikwa.

Asubuhi watoto wa shule walipita kwenye njia ya nyuma ya nyumba wakipiga kelele. Mtoto wetu alianza kusimama dirishani, ameufungua upenyo wa pazia kwa kidole kimoja.

"Shangazi, wale wanaenda wapi?"

"Juani."

"Juani kuna nini?"

"Kuna jua."

"Na wanarudi?"

"Wanarudi."

"Sasa sisi mbona hatuendi?"

Nikampa kipande cha muwa.

Jumapili moja mwishoni mwa mwaka wifi alikuja na kitambaa cha sare kwenye mfuko. Mtoto alikuwa anakaribia miaka mitano. Wifi alisema Januari anaanza darasa la awali katika shule ya hapa hapa, mwendo wa robo saa. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo kuliko nilivyojiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Nikasema darasa la awali wanatoka saa sita, na saa sita jua liko utosini, robo saa ya kutembea inatosha kumbabua. Nikasema kiwanja cha shule hakina hata mti. Nikataja masikio.

Wifi akaniacha nimalize. Halafu akauliza taratibu, "Wifi, unamwogopea yeye au unajiogopea wewe?"

Nikainuka kwenda kuangalia moto jikoni. Moto ulikuwa umezimika tangu mchana.

Wiki iliyofuata tulimpeleka zahanati kupimwa ngozi, kama tulivyofanya kila baada ya miezi kadhaa. Muuguzi alikuwa yuleyule, miwani ikiwa imeongezeka unene. Alimgeuza mtoto huku na huku, akamwangalia shingo, mikono, nyuma ya masikio.

"Ngozi safi kabisa," akasema. "Dada, umefanya kazi."

Nilivimba kama andazi. Nikamtupia wifi jicho, nikidhani kesi imekwisha.

Muuguzi akamgeukia mtoto. "Haya, mama mdogo, rafiki zako ni nani?"

Mtoto akahesabu kwa vidole. "Shangazi." Akafikiri. "Kuku." Akafikiri tena, akakunja kidole cha tatu. "Na Shangazi."

Wifi hakucheka. Muuguzi akaweka kalamu mezani.

"Dada, mimi nilikupa saa nne mpaka saa kumi. Hizo nyingine ulipewa na nani?"

Nilimvua mtoto kofia nikamvalisha tena, ingawa tulikuwa ndani.

Bado nilikuwa na karata moja, nayo ni saa sita. Kila mtu alikubali kwamba saa sita ni mbaya, hata muuguzi. Kwa hiyo nilipokwenda shuleni kumwona mwalimu wa darasa la awali, nilikwenda na karatasi ya masharti, na hilo la saa sita nililiacha liwe la mwisho kama mtu anavyoficha kadi ya jokari. Mwalimu alikuwa kijana, mwenyeji wa Muleba, amejifunga kanga kiunoni na chaki nyuma ya sikio.

"Akae mbali na dirisha," nikasoma.

"Atakaa mbele kabisa, aone ubao. Dirisha liko nyuma."

"Michezo ya nje?"

"Tunacheza saa moja na nusu, kabla jua halijakomaa. Baada ya hapo tunachezea barazani."

"Kofia asivue."

"Nitawaambia na wenzake kofia ile si ya kuazimana."

Nikavuta pumzi. "Na saa sita? Saa sita hawezi kutembea."

Nilitegemea akune kichwa. Hakukuna. "Hata mimi nisingemruhusu," akasema. "Nyumba yangu ni ile pale, hatua kumi. Nina wawili wa umri wake. Atakula nao, watalala, watacheza ndani, wewe utamfuata saa kumi."

Nikatazama ile nyumba. Ilikuwa na baraza pana na ukumbi wenye kiza kizuri. Nisingeweza kuipata kasoro hata ningepewa darubini. Nilikuwa nimepigania asubuhi zangu, na sasa kwa sababu ya jua lilelile nililolitanguliza mbele, mchana nao ulikuwa umekwenda. Kama ningekubali tangu mwanzo bila masharti, angalau saa sita tungekula pamoja.

"Ni vizuri sana, mwalimu," nikasema.

Siku ya kwanza tulitoka saa moja kasoro. Ukungu ulikuwepo. Nilimpaka mafuta yake usoni, shingoni, na juu ya masikio mara mbili. Alivaa sare ya mikono mirefu na kofia iliyoshonwa na mama yake, pana kama sinia. Njia yote ni migomba, majani yanakutana juu, na alitembea mbele yangu akigusa kila mgomba kama anayeusalimia. Mlangoni mwa darasa aliniachia mkono kabla sijamaliza kumwambia mambo saba. Nikabaki na manne.

Nilirudi nyumbani. Nilifungua mlango saa mbili na hapakuwa na sababu ya kuufunga saa nne. Nilifua nguo zilizokwisha kufuliwa. Nikamenya ndizi za watu wawili, nikazipika, na saa sita nikajikuta nazitazama zote kwenye sinia. Nilikula sita nikiwa nimesimama, na hakuna aliyehesabu. Nikafungua mapazia yote ili nyumba ipate mwanga, nikaona jinsi ilivyokuwa kubwa, nikayafunga tena mawili.

Saa tisa kasorobo nilikuwa njiani. Saa tisa nilikuwa kwenye baraza la mwalimu.

"Shangazi, umewahi," mwalimu akasema.

"Saa yangu inakimbia," nikasema. Sina saa.

Nilikalishwa kwenye kigoda, nikapewa maji. Kutoka ndani niliisikia sauti yake katikati ya sauti mbili nyingine, akitoa amri, akikataliwa, akibishana, akicheka kicheko ambacho nyumbani hakikuwahi kutoka, labda kwa kuwa hakikuwa na mtu wa kulingana naye. Alipoambiwa nimefika, akatoka, soksi moja mguuni, kofia imewekwa vizuri kichwani na mikono ya mtu mwingine. Tulisubiri mpaka saa kumi ndipo tukaondoka, na muda wote huo alikuwa anachungulia ndani.

Nyumbani alikula, nikamwogesha, nikamkagua ngozi chini ya mwanga wa dirisha, kila sehemu. Hakukuwa na wekundu popote. Usingizi ulikuwa unamchukua nikiwa bado nimeshika sikio lake la kushoto.

"Shangazi."

"Bee."

"Kesho utanifuata saa tisa?"

"Nitakuja, mwanangu. Hata mapema zaidi."

Nilidhani amelala.

"Njoo saa kumi," akasema. "Saa tisa tunakuwa bado tunacheza."

Kesho yake nilitoka nyumbani saa kumi kasorobo, nikatembea polepole.